Taa Nyekundu Ikizimika

Wengi wakiona taa nyekundu ya ampilifaya ya gitaa imezimika, hudhani mashine imekufa. Sivyo. Katika Fender nyingi za Marekani za miaka ya 1960, balbu hiyo ni namba 47, ya volti 6.3, nayo hupata umeme pale pale zinapopashwa moto vali. Basi mimi huchungulia nyuma kwanza. Vali ziking'aa, ubovu u katika balbu au tundu lake, pengine limelegea tu. Zote zikiwa giza, natazama fyuzi na waya wa ukutani. Ndani usitie mkono! Hata waya ukichomolewa, kapasita zaweza kushika volti zaidi ya 400, nazo huua. Heri balbu hutolewa kwa mbele: fungua kioo chekundu, isukume kidogo, izungushe.