Saa Mbili ya Asubuhi au ya Usiku?

Pale Mkolani, barabara ikitoka Nyegezi kuelekea Buhongwa, vijana watatu walikuwa wanasukuma gari dogo la mtumba kuliingiza gereji. Asubuhi linawaka kwa stata moja. Likishapata moto linaanza kumisi, linazima, na ukipiga stata halishiki. Liache lipoe nusu saa, linawaka kana kwamba halijawahi kumkera mtu. Mwenye gari, mtu wa Sengerema, alikuwa na maelezo yake: enzi za kungoja pantoni Kigongo hakuiona shida hii, imeanza baada ya daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilometa 3 lililofunguliwa Juni 2025.

"Kwa hiyo bosi, daraja ndilo limeua gari?" fundi akacheka. Halafu akanyamaza kidogo. Foleni ya pantoni ilikuwa inalipoza gari. Maelezo ya mzee hayakuwa ya kipuuzi hata kidogo.

Mashine ya kupima ilichomekwa chini ya usukani ikatoa namba P0340: sensa ya kamshafti. Sensa hii, ambayo kamusi inaiita kihisi, si ile ya watu na makazi, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu. Injini ya petroli huvuta hewa na mafuta, hukandamiza, hulipua, kisha hutoa moshi. Hatua hizo nne huchukua mizunguko 2 ya krankshafti, yaani nyuzi 720, na ndani yake pistoni namba 1 hufika juu kabisa mara mbili: mara moja imebana mchanganyiko unaosubiri cheche, mara nyingine inasukuma moshi nje. Sensa ya krankshafti haiwezi kuzitofautisha safari hizo.

Ukizinduka kwenye chumba chenye giza ukakuta mshale mfupi umesimama saa mbili, ni ya asubuhi au ya usiku? Mpaka uchungulie nje. Mshale huzunguka mara 2 kwa siku, jua mara 1. Krankshafti ni mshale, kamshafti ni jua, na uwiano wao ni huohuo, 2 kwa 1. Kompyuta ya gari ikikosa kuchungulia haijui plagi ipi ichomwe wala nozeli ipi ifunguliwe. Magari hayafanani hapo: mengine huzima papo hapo, mengine huendelea kukimbia lakini ukiyazima hayawaki tena. Zamani kazi hii ilikuwa ya distribyuta, na fundi aliizungusha kwa mkono akitega sikio mpaka injini itulie.

Ndani ya kidude chenyewe hamna miujiza. Kwenye injini ya gari hili, 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyojaa barabarani kwetu ndani ya Probox, Raum na Ist, sensa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kamshafti ina meno 3 ya chuma. Kila jino likipita mbele ya sumaku linaitikisa nguvu yake, na waya unazalisha umeme kidogo. Michael Faraday aliligundua jambo hilo London mwaka 1831, na ndilo linalofua umeme kwenye mitambo ya mito mpaka leo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka 1,500, na meno yake yanapiga hodi mara 75 kila sekunde.

Mwenye gari alikuja na sensa mpya mfukoni. Fundi mmoja wa mjini alisoma P0340 akamwambia akanunue. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Namba hiyo haisemi sensa imekufa, inasema kompyuta haisikii. Mtu asipopokea simu, huenda amelala, huenda mtandao umekata.

"Dogo, lete mita."

Soketi ikachomolewa. Multimita ikawekwa kwenye omu, ncha zikagusa pini mbili za sensa: 2,050. Kitabu cha injini hiyo kinataka kati ya 1,630 na 2,740 ikiwa ya baridi. Lakini ugonjwa ulikuwa wa joto, kwa hiyo injini ikawashwa mpaka ikazima yenyewe, na vipimo vikarudiwa chapuchapu kabla haijapoa. Ukinzani wa shaba huongezeka kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo namba kupanda ni halali. Waya uliopasuka ndani ungeachana kwa joto na mita ingekosa namba kabisa. Ilisoma 2,500 na ushei. Sensa nzima.

Basi akashika nyaya, akazifuata kwa vidole kutoka kwenye soketi, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye wayo wa mtoto. Kama shibri moja na nusu nyuma, chini ya bomba la maji, akakuta pa kusimama: kishikio hakikurudishwa gia boksi iliposhushwa, nyaya zikalegea na kulalia bati. Ganda la waya mmoja lilikuwa limelika, shaba imeota ukijani. Likipata moto ganda linalainika, injini inatikisika, shaba inagusa bati.

Alikata kipande kibovu, akaunga kwa lehemu, kusokota tu alikataa, kwa sababu mawimbi ya sensa ni dhaifu na kiungo kilicholegea hurudisha ugonjwa mvua ya kwanza. Akavika mpira unaosinyaa kwa moto, akafunga nyaya mbali na bati. Namba ikafutwa, gari likapelekwa Usagara na kurudi, likaachwa likinguruma kwenye jua la saa nane. Halikuzima.

Mzee akaitoa ile sensa mpya, akauliza kama duka litaipokea. Risiti ilikuwa na mhuri wa bluu: vifaa vya umeme havirudishwi. Akaitia kwenye droo ya dashibodi, juu ya tiketi za zamani za pantoni, akawasha gari.