Kufuli Pekee Halitoshi

Reli ya Kongo itokayo Tenke, ikapita Kolwezi na kufika Dilolo mpakani mwa Angola, ni ya njia moja. Mwaka 1931 iliunganishwa na reli ya Benguela, na shaba ya Katanga ikapata mlango wa bahari huko Lobito. Vita vya Angola vilivyoanza 1975 viliufunga mlango huo kwa miongo mingi; mwishoni mwa 2023 shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilipitishwa huko kwa majaribio. Miaka yote hiyo kanuni ya njia moja haikubadilika: treni mbili hupishana stesheni tu. Reli nyingi duniani zililimudu jambo hili kwa kijiti. Kila kipande cha njia kina kijiti kimoja, na dereva asiyekishika haingii.

Ndani ya kompyuta tatizo ni lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mholanzi Edsger Dijkstra aliazima wazo la ishara za reli akabuni semafo, chombo cha kupanga kazi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Kazi hizo huitwa nyuzi.

Chukua programu ya ghala la shaba yenye nyuzi mbili, mmoja wa kupokea na mwingine wa kupakia. Ghalani mna tani 400. Uzi wa kupokea unasoma 400 ili uongeze 30. Kabla haujaandika, uzi wa kupakia nao unasoma 400 ili utoe 20. Wa kwanza unaandika 430, wa pili unaandika 380 juu yake. Hesabu sahihi ni 410. Kufuli, lifanyalo kazi kama kijiti cha reli, linazuia kosa hili: uzi unalifunga, unasoma, unahesabu, unaandika, ndipo unalifungua. Mwingine unasubiri nje.

Lakini ghala likiwa tupu, uzi wa kupakia ufanye nini? Ukisubiri huku umeshika kufuli, uzi wa kupokea hauwezi kuingiza mzigo, na kazi yote inakwama. Ukifungua na kufunga mfululizo ili kuchungulia, unachosha prosesa bure. Hapa ndipo ishara inapohitajika. Uzi unatangaza kwamba unasubiri mzigo, unaachia kufuli na kulala. Mzigo ukiingia, uzi wa kupokea unauamsha.

Kuachia na kulala lazima viwe tendo moja lisilogawanyika. Vikitengana, ishara inaweza kupigwa katikati, isikutwe na anayeisubiri, na uzi ukalala moja kwa moja.

Tena, aliyeamshwa asiamini ishara peke yake. Wataalamu wa kompyuta Butler Lampson na David Redell walieleza mwaka 1980 kwamba ishara ni dokezo tu: kabla uzi haujalishika tena kufuli, mwingine unaweza kuwa umeshauchukua mzigo. Kwa hiyo sharti likaguliwe ndani ya mzunguko, “maadamu ghala ni tupu, subiri”, wala si kwa “kama” ya mara moja.

Makufuli yakiwa mawili, hatari nyingine inazuka: uzi mmoja umeshika la kwanza ukingoja la pili, mwenzake umeshika la pili ukingoja la kwanza. Dawa yake ni nyuzi zote kuyafunga kwa mpangilio ule ule.

Makosa haya hujificha, kwani hutegemea nani aliwahi. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwaunguza wagonjwa sita huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Makosa ya aina hii ndani ya programu yake yalikuwa miongoni mwa sababu. Majaribio kupita salama si ushahidi wa kutosha.

Kijana wa Kolwezi unayejifunza kazi hii, kabla ya kuandika mstari wa kwanza jibu maswali matatu: data ipi inatumiwa na wengi, kufuli lipi linailinda, na kila anayesubiri anasubiri sharti gani. Ukishindwa kujibu hata moja, programu hiyo bado haijawa tayari kukabidhiwa mashine wala maisha ya watu.