Ukuta Usioonekana kwa Macho

Hapa kwetu Lubumbashi, katika mitaa ya Katuba na Kamalondo, ni nani asiyeijua sauti ya kinu? Mama anatwanga sombe. Jirani yake ameloweka mihogo michungu, naye anangoja siku tatu au nne mpaka ilainike, ndipo aianike na kuisaga, watoto wapate bukari. Je, tumepata kujiuliza ni nini kiilainishacho ndani ya maji?

Kila mmea umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, na kila chembe ina ukuta wake. Katika maji yale huzaliana bakteria, nao hutoa vimeng'enya, yaani vitu viwezavyo kuvunja vitu vingine pasipo vyenyewe kwisha. Hivyo ndivyo viyeyushavyo gundi ya kuta hizo.

Faida yake si kulainisha tu. Ndani ya chembe za muhogo mchungu mna kitu kiwezacho kutoa sumu ya sianidi. Na kimeng'enya cha kukivunja kimekaa mbali nacho, ukutani. Ukuta ukibomoka, viwili hivyo hukutana, sumu ikatoka na kwenda zake pamoja na maji na hewa. Kinu nacho huifanya kazi iyo hiyo katika sombe.

Wataalamu nao hubomoa kuta hizo. Mwaka 1960, mwaka ule Kongo ilipopata uhuru, Edward Cocking wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, alitumia vimeng'enya vya kuvu kuziondoa katika chembe za mizizi ya mnyanya. Chembe zikabaki uchi, nazo zingali hai. Baadaye wataalamu waliweza kuunganisha chembe za mimea miwili tofauti.

Lakini siku za kuloweka zikipunguzwa, sumu husalia. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya konzo huko Kwango, ugonjwa upoozao miguu ghafula, wala hauponi. Leo twajua kwamba huwapata hasa watoto na akina mama walao mihogo michungu isiyotengenezwa vema, pasipo samaki, nyama wala maharagwe ya kutosha.

Basi, enyi wanafunzi, mkimkuta mama angali akingoja, msimharakishe. Haraka haraka haina baraka. Mwenyezi Mungu ameweka hekima yake hata ndani ya ndoo ya maji. Kazi yetu ni kuipa siku zake.