Ndege na Maua ya Mlima Meru: Rangi Zao Zinatoka Wapi?

  

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, katika Suratu Faatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu anatutajia matunda ya rangi mbalimbali, kisha milima yenye njia nyeupe na nyekundu na mengine meusi mno, kisha watu na wanyama wa rangi mbalimbali. Mara tu baada ya hapo anawataja wenye elimu kuwa ndio wanaomcha. Wengi wenu mmezihifadhi aya hizi. Lakini ukimwambia mwanafunzi atoe mfano wa ndege mwenye rangi nzuri, atakutajia tausi, kwa sababu amemuona kwenye kalenda na kwenye khanga ya mama. Tausi huyo wa kalenda kwao ni Bara Hindi. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tumezungukwa na ndege na maua ambayo watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyatazama, na tunapita chini yake kila siku tukiwa tunaangalia daladala.

HUDHUD YUPO ARUSHA

Tulipokuwa tunasoma Suratun-Naml, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadhi, huyo hudhud yupo kweli siku hizi, au alikuwepo zama za Nabii Sulayman (A.S.) tu?" Yupo, tena yupo Arusha. Ni ndege wa rangi ya kahawia inayoelekea chungwa, mabawa yake yana mistari myeusi na myeupe, na kichwani ana kishungi kinachofunguka kama upepeo anaposhtuka au anapotua. Hupenda kutembea kwenye nyasi fupi za bustani na viwanja, akidunga ardhi kwa mdomo wake mrefu kutafuta mabuu na wadudu. Sauti yake ni ya chini na hurudiarudia, "hup-hup-hup", na Waarabu wamemwita kwa sauti hiyohiyo.

Ndege huyu mzuri ana tundu linalonuka vibaya sana. Jike akiwa na mayai, tezi iliyo karibu na mkia wake hutoa mafuta meusi yenye harufu ya nyama iliyooza, naye huyapaka kwenye manyoya na juu ya mayai. Wataalamu wa Hispania waliochunguza hudhud wa kwao walikuta kwamba ndani ya mafuta hayo mnaishi bakteria wanaoua vijidudu vinavyoharibu manyoya na mayai. Kwa hiyo uvundo ule ni dawa. Makinda nayo yakivamiwa humrushia adui kinyesi. Basi ukiona tundu la mti lenye harufu hiyo, usidhani kuna mzoga; huenda kuna mama analea.

Hudhud ana heshima nyingine katika dini yetu. Abu Dawud amepokea hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa viumbe vinne: sisimizi, nyuki, hudhud na surad. Huyo wa nne ndiye anayewatatiza wengi. Wanazuoni wa lugha wamemweleza kuwa ni ndege mwenye kichwa kikubwa, mweusi kwa mweupe, anayewinda wadudu. Ni jamii ya ndege ambaye kwa Kiswahili tunamwita mbwigu. Hapa mjini mmoja wao utamuona kwenye waya wa umeme au juu ya uzio: mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mrefu, na mdomo uliopinda kama wa mwewe mdogo. Akishika panzi wengi huwachomeka kwenye miiba, awarudie baadaye. Ghala lake ni mti wa miiba.

Hapa nataka kusema na vijana wa kiume, na wazazi wasikie. Sehemu kubwa ya manati zinazoonekana mitaani kwetu hazitumiki kutafuta kitoweo. Ni mchezo wa shabaha. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Ibn Umar (R.A.) alipita kwa vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege na kumfanya shabaha ya mishale yao, walipomuona walitawanyika, naye akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kwamba wakiwa safarini baadhi ya masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika juu yao, na Mtume akaamuru makinda yarudishwe. Hakusema huyu ni ndege tu.

Wengine hunijibu kwa hadithi ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kidege cha kuchezea, na Mtume akimtania alipofariki kidege chake. Ni kweli, wanazuoni wengi wametoa humo ruhusa ya kumfuga ndege mdogo kwa sharti la kumlisha na kutomtesa. Lakini kufuga si kutia jiwe kwenye manati. Halafu ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo hairuhusu kukamata mnyama wa porini, akiwemo ndege, bila kibali. Kaskazini mwa nchi yetu kuna kasuku wadogo wa kijani wenye nyuso za rangi ya chungwa, ambao asili yao ni Tanzania. Katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno na kuuzwa nje wakafugwe vizimbani, mpaka mahali pengi walipungua sana. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

SHABA KATIKA MANYOYA

Sasa turudi kwenye swali letu la rangi. Katika misitu ya Meru na ya Ngurdoto anaishi shorogo, ndege wa kijani mwenye kishungi cha buluu. Akiwa ametulia kwenye majani humuoni. Akiruka tu, mabawa yake hufunguka yakawa mekundu kama damu. Mwaka 1869 mkemia wa Kiingereza, Arthur Church, alichunguza wekundu huo akakuta ndani yake mna madini ya shaba, hii hii ya nyaya za umeme. Rangi hiyo haipatikani kwa ndege mwingine yeyote isipokuwa jamii ya shorogo. Na ajabu nyingine, unyoya huo ukiloweshwa katika maji yenye magadi, wekundu huyeyuka ukatoka.

Kwenye Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mambo ni kinyume. Heroe, ambaye wengi humwita flamingo, haitengenezi rangi yake, anaila. Maziwa haya yapo kwenye kifusi kilichomwagika pale ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulipoporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Maji yake yanatoka chini ya ardhi na yana magadi, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi humo. Heroe huinamisha kichwa, mdomo ukawa juu chini, akachuja maji kwa kuyasukuma na ulimi. Chakula hicho kina rangi inayofanana na ile ya karoti, nayo hujikusanya kwenye manyoya. Kinda la heroe huzaliwa la kijivu. Heroe wa kufugwa asipopewa chakula chenye rangi hiyo, hupauka.

Lakini Momella heroe hawazai. Huja kula tu. Mahali pao pa kuzalia ni Ziwa Natron, kaskazini mwa mkoa wetu, chini ya Ol Doinyo Lengai. Inakadiriwa kwamba karibu robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia wamezaliwa pale. Hujenga vichuguu vya tope katikati ya magadi, juu ya kila kimoja yai moja, na magadi yale makali huwazuia fisi na mbweha wasifike. Ndiyo maana ulipotolewa mpango wa kujenga kiwanda cha magadi katika ziwa hilo mnamo mwaka 2007, watu wengi hapa nchini na nje walipinga. Ukiharibu Natron, ndege wa Momella, wa Nakuru na wa Bogoria wote umewagusa, maana ni walewale.

Kisha kuna aina ya tatu ya rangi, ambayo kwa kweli si rangi. Mtazame kwenzi wa buluu, au chozi, yule kidege wa mdomo uliopinda anayeng'ara kwenye maua ya uani. Ukiuokota unyoya wake wenye buluu ile inayometa ukausaga, hupati unga wa buluu, unapata unga mweusi. Buluu haimo ndani ya unyoya. Unyoya umepangwa tabaka jembamba juu ya tabaka, na mwanga ukigonga hapo hurudi ukiwa buluu au kijani, kama unavyoona rangi juu ya povu la sabuni. Ndiyo maana chozi akigeuka kidogo huonekana mweusi, akigeuka tena anawaka.

MAUA NA WATEJA WAO

Maua nayo yana sababu ya rangi zake. Ua linalotaka nyuki au nondo mara nyingi ni jeupe na lina harufu. Mfano ni ua la mkahawa. Wakazi wa Tengeru na Usa River wanajua jinsi mashamba yanavyonukia kama asumini siku chache baada ya mvua. Ua linalotaka chozi huwa jekundu au la chungwa, lina umbo la mrija, na kwa kawaida halina harufu, kwani ndege huyu hutafuta kwa macho zaidi kuliko kwa pua. Chozi akiingiza mdomo kunywa, chavua hubaki kwenye paji la uso, naye huipeleka kwenye ua linalofuata. Mtazame kwenye mshubiri unapochanua.

Ua linalosifiwa kuliko yote mjini kwetu ni la mjakaranda, ule mti unaotandika barabara zambarau mwezi wa Oktoba na Novemba. Huo ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwenyeji ni kifabakazi, wenye maua makubwa mekundu kama moto. Watoto wanaujua kwa vitumba vyake, vilivyojaa maji ambayo ukiviminya humrukia mwenzako. Sisi tunaukata kwa kuni, na kule visiwa vya Pasifiki waliouchukua kama pambo sasa wanahangaika nao, umekuwa gugu.

Wazazi wawaonye watoto na ua jingine la mwituni, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu kama ndimi za moto, linalopanda kwa kujishikiza ncha za majani yake. Ni zuri mno, na mzizi wake una sumu inayoua.

Juu kabisa mlimani, baridi inapokuwa kali usiku, kuna mmea mkubwa kama mti mdogo, wenye shina nene na kichwa cha majani mapana. Usiku hukunja majani yake kulinda kichipukizi kilicho katikati, na majani makavu hayadondoki, hubaki yamelizunguka shina kama blanketi. Wataalamu huuita kwa jina la Meru, kwa kuwa haumei katika mlima mwingine wowote.

KIDEGE CHA RANGI YA VUMBI

Nimemuacha mwisho ndege asiye na rangi. Nyuma ya Mlima Meru, ukishika barabara ya Namanga ukapita Oldonyo Sambu, mvua hupungua na nchi inafunguka kuwa mbuga ya nyasi fupi. Hapo, karibu na Engikaret, anaishi kipozamataza mmoja mdogo wa rangi ya udongo. Ana miguu mirefu, husimama wima, na mkia wake ni mfupi wenye ncha nyeupe. Alielezwa kitaalamu mwaka 1966 na kupewa jina la Beesley, aliyekuwa mhifadhi wa hifadhi yetu ya Arusha. Hayupo Kenya, hayupo Serengeti, hayupo popote pengine duniani isipokuwa nyanda hizo kati ya Meru na Kilimanjaro.

Watu hutoka mbali na darubini shingoni kwa ajili yake. Yeye hukimbia chini katika vikundi vidogo na hutaga ardhini, penye nyasi ambazo mifugo ya Wamasai imezifanya fupi. Nyasi zikiwa ndefu hapataki, na zikilishwa mpaka vumbi tupu napo hapamfai. Pakilimwa, hana pa kuhamia. Ukienda na wazazi wako asubuhi, kabla upepo haujaanza, kaeni kimya pembeni ya njia na mtazame chini. Kwanza mtadhani udongo ndio unaotembea.