Wazazi Wapewe Habari Mapema

Enyi wazazi, Juzuu ya Amma ina sura 37, na ya kwanza yake, Suratun-Nabaa, ina aya 40. Mtoto aambiwapo Alkhamisi kwamba Jumamosi atasikilizwa hifadhi yake mbele ya wenziwe, na nyumbani hawana habari, hutumwa dukani mchana kutwa. Akiwa binti, hushikwa jikoni. Akikwama, nani alaumiwe? Mimi nasema mwalimu, ikiwa hakuarifu.

Basi na tuandike barua wiki mbili mbele: siku, saa, na aya zitakazosomwa. Asiyejua kusoma hati atangaziwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Na mama, ambaye mara nyingi hayupo pale, apelekewe salamu nyumbani, kwani yeye ndiye amsikilizaye mtoto usiku.