Ritifaa na Majina ya Kiingereza Yanayoishia kwa S

Umiliki katika Kiingereza huonyeshwa kwa kuongeza ritifaa, yaani alama ile ile inayoonekana katika neno ng'ombe, pamoja na herufi s mwishoni mwa jina la mwenye kitu, kwa hiyo kitabu cha Mary huandikwa Mary's book. Kanuni hiyo haina utata mpaka jina lenyewe linapoishia kwa s, kama James au Dickens, kwani hapo wahariri hugawanyika baina ya James's na James'.

Chimbuko la mgogoro huo ni historia ya sauti. Kiingereza cha Kale kilikuwa na kiambishi tamati -es kilichoonyesha umiliki wa nomino nyingi za umoja. Baadaye irabu yake ilidondoka katika matamshi, na ritifaa, iliyoingia kutoka Kifaransa katika karne ya 16, hatimaye ikashika nafasi yake. Hata hivyo irabu haikutoweka kila mahali, kwa maana baada ya sauti kama s, z, sh na ch ilibaki ili kuzitenganisha sauti mbili ambazo ulimi haungeweza kuzitamka mfululizo. Ndiyo maana James lina silabi moja, lakini James's hutamkwa kwa silabi mbili.

Mwongozo wa The Chicago Manual of Style hufuata matamshi hayo na kupendekeza James's, na tangu toleo lake la 16, la mwaka 2010, umeacha hata ile desturi ya kuyapa ritifaa tupu majina ya kale kama Euripides. Shirika la habari la Associated Press, kwa upande wake, huridhika na James'. Mgawanyiko huo ulifika hata katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2006, katika kesi ya Kansas dhidi ya Marsh, ambapo Jaji Clarence Thomas aliandika Kansas' katika hukumu ya walio wengi, ilhali Jaji David Souter, aliyepinga hukumu hiyo, aliandika Kansas's.

Hoja ya Chicago ina nguvu zaidi, na nguvu hiyo hudhihirika katika majina ambayo s yake ya mwisho haitamkwi, kama Descartes na Arkansas. Anayesema Arkansas's hutoa sauti ya s ambayo haimo katika jina lenyewe, na maandishi yanayoishia kwa ritifaa tupu huificha sauti hiyo. Si ajabu basi kwamba mwaka 2007 baraza la wawakilishi la jimbo hilo lilipitisha azimio la kuunga mkono Arkansas's.

Wingi ni jambo jingine, na hapo pande zote hukubaliana. Familia ya Jones kwanza hupewa wingi, Joneses, kisha ritifaa peke yake, Joneses', kwa sababu s ya wingi imekwisha kutamkwa na wasemaji hawaongezi nyingine. Kwa hiyo Jones's house ni nyumba ya mtu mmoja, na the Joneses' house ni ya familia nzima.