Rovu likipasuliwa, zichungeni tezi hizi

Iwapo una jamaa huko Msambweni au Diani aliyeambiwa apasuliwe rovu, mwambie amwulize daktari kuhusu parathairoidi. Hizi ni tezi ndogo, aghalabu nne, kila moja kama punje ya mchele, zilizojibanza nyuma ya tezi ya thairoidi. Ndizo zinazosawazisha madini ya kalisi katika damu. Zikikatwa au zikikosa damu, midomo na vidole hufa ganzi na misuli hukakamaa.

Zafanana na mafuta, hivyo ni rahisi kukatwa. Lakini zikimulikwa kwa mwanga maalumu usioonekana kwa macho, hung'aa zenyewe kwenye kamera. Marekani iliidhinisha mitambo hiyo mwaka 2018. Pasipo mtambo, kinga ni jicho la mpasuaji mzoefu. Na ganzi ikianza nyumbani, usingoje kesho: rudi hospitalini.